Mapapai ya Nta

Baba yangu mdogo hajawahi kukutana na jambo asilolijua. Alitoka Kenya kuja Kampala kuuza viatu, akaishia kuuza maneno. Kaka yangu alipopata mchumba wa Kiganda, nasi tukatakiwa kupeleka vikapu vya matunda kwa wazazi wa binti siku ya kujitambulisha, baba mdogo ndiye aliyejitwika kazi ya matunda.

Aliyanunua soko la Owino wiki nzima kabla ya sherehe. Kukimbizana sokoni asubuhi ya shughuli, alisema, ni tabia ya watu wasio na mpango.

"Yataoza," nikamwambia.

"Mwanangu, umesoma lakini asili huijui. Nta ya nyuki! Tunda likivaa nta, ukungu utaingilia wapi?"

Neno lenyewe si uongo. Nta husaidia, ikipakwa nyembamba juu ya tunda safi, kavu na zima. Yeye aliiyeyusha kwenye jiko la mkaa chumbani kwake Bwaise, ambako kuta hutoa jasho kila mvua inaponyesha, akachovya mapapai yaliyokuwa bado na maji katika nta iliyokuwa ikifuka moshi. Nilipomwonyesha lililochubuka, alilichovya mara ya pili, kama fundi anayepaka rangi gari lenye kutu, kisha akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! Mimi!

Siku ya sherehe matunda yaling'aa kweli. Akasimama kando ya vikapu akiwa na kanzu ya kuazima, kidevu juu. Shangazi wa bibi harusi, ambaye kwa Waganda ndiye mwenye usemi siku hiyo, akanyanyua papai kubwa kuliko yote. Kidole gumba kikazama chote. Chini ya nta kulikuwa na manyoya ya kijivu, na maji yake yakamchuruzikia kwenye gomesi, gauni lake la sherehe.

"Hii ni kitu gani?" akauliza kwa Kiswahili, ili sote tuelewe.

"Imeiva, mama," baba mdogo akajibu bila kupepesa macho. "Imeiva sana."

Kaka yangu aliinama. Mimi nilipiga magoti, nikamfuta shangazi, nikaomba radhi. Yeye akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Binti tulipewa.

Jumapili nilimkuta baba mdogo nje ya kanisa, amezungukwa na wasikilizaji.

"Wakwe waliyapenda matunda yangu," alikuwa akisema. "Hata moja halikurudi nyumbani."

Ni kweli halikurudi. Tuliyamwaga yote jalalani kabla chakula hakijapakuliwa. Nikapita bila kumsalimia.