Nadine na Pikapu ya Orval

Nadine Tidwell, mpishi wa shule hapa kwetu Bakersfield, aliionea wivu pikapu kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe Orval, mchomeleaji wa mabomba kwenye visima vya mafuta, alilikuta bodi la Ford ya mwaka 1936 limeozea kwenye ghala la pamba. Akalishusha paa, akaunga upya fremu ya chini inayobeba bodi, akapachika injini ya Cadillac, akapaka rangi nyekundu iliyoiva. Akitoka kazini, breki ya kwanza gereji. Chakula kipoe, kitanda kipoe.

"Siku ukifa nitakuzika na chuma chako," Nadine alimwambia.

"Uniweke upande wa dereva basi, mama."

Mwezi Machi uvumilivu ukamwisha. Ama pikapu iuzwe, ama yeye ahamie kwa dada yake, mji wa Modesto. Orval alinywea. Nadine mwenyewe aliandika tangazo, akalipeleka gazetini.

Jumamosi asubuhi akaja mnunuzi, Roxanne, mwanamke wa makamo, fundi wa injini, jinzi imejaa grisi. Nadine alikuwa jikoni anakaanga bekoni, dirisha wazi. Akaviona vichwa viwili vimeinama chini ya boneti, na Orval anacheka kicheko ambacho yeye alishakisahau.

"Fremu umeiunga mwenyewe?" Roxanne aliuliza.

"Mwenyewe. Ilinipinda mara mbili. Ya pili nililia, kweli tena."

Nadine aliganda. Alilia? Lini? Mbona kamwambia huyu waliyejuana naye nusu saa tu? Bekoni ikaungua. Akatoka na aproni yake, koleo la jikoni mkononi.

"Dada, pole na safari. Haiuzwi."

Orval akatoa macho. "Si wewe uliyeandika tangazo?"

"Nimelifuta."

Roxanne aliliangalia lile koleo, akacheka. "Dada'ngu, mimi nilitaka gari. Huyu mzee baki naye."

Nadine aliwaka uso hadi masikioni. Mgeni alipoondoka, alifungua mlango wa pikapu, akakaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia hata siku moja.

"Haya. Ulilia nini?"

Orval alizungukazunguka kwanza, akifuta boneti ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akaingia, akakaa kando yake. Fremu ilipinda mara ya pili wiki aliyomzika baba yake, yule aliyemfundisha kuchomelea. Kwenye mazishi chozi halikutoka. Lilitokea gereji.

"Na mimi nilikuwa hapo jikoni," Nadine alisema.

"Ulikuwa umenuna."

Hilo hakulikana.

Majira hayo ya joto wakawa wanakwenda nayo kanisani, Nadine kwenye usukani, akikosea gia mbele ya waumini wote. Septemba magoti ya Orval yaligoma kabisa kuinama chini ya gari, wakakubaliana kuiuza. Aliyeichukua ni Roxanne. Nadine ndiye aliyempigia simu, na ndiye aliyemkabidhi funguo.

Ila Orval aliambiwa asubiri ndani.