Neno Kudunga

Je, nikimwambia binamu yangu akate rufaa, halafu jaji amwongezee kifungo? Swali hilo lilininyima usingizi siku tatu mfululizo. Alikuwa amefungwa miaka mitatu kwa kumchoma jirani yetu kisu hapa mtaani Umoja. Mimi nilikuwa nimesoma sheria, sijaapishwa kuwa wakili, sina kazi, na kati ya siku kumi na nne za kukata rufaa zilikuwa zimebaki mbili.

Mamake, yaani mama yangu mdogo, alikuwa amenipa nakala ya hukumu ndani ya bahasha ya sadaka. "Soma, mwanangu. Kiingereza chao kinanichosha."

Nilisoma mezani kwake hadi chai ikapoa. Jirani alipochomwa, kitambulisho cha binamu kilikutwa kwenye mfuko wa jaketi alilokuwa amevaa jirani huyo. Kwa mujibu wa hukumu, binamu alijieleza hivi: jaketi alilichoma kisu yeye, ndiyo maana kitambulisho kilikuwa mfukoni. Hakimu akasema huko ni kukiri.

Niliirudia sentensi hiyo mara sita. Mtu achome jaketi ndipo kitambulisho chake kiingie mfukoni?

"Mama, alisema nini hasa kortini?"

"Alisema aliidunga. Si nilikuwepo?"

Kwenye kamusi, kudunga ni kuchoma kwa kitu chenye ncha. Mtaani kwetu, kudunga ni kuvaa. Aliliazima jaketi la jirani, akalivaa, akalirudisha na kusahau kitambulisho ndani. Mkalimani wa korti, mzee wa Kiswahili sanifu, alisikia kisu.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kuhesabu mabaya. Mahakama Kuu hupima upya ushahidi wote, na inaweza pia kuongeza adhabu. Je, jaji naye akiamini kamusi? Na shahidi mmoja aliyetajwa kwenye hukumu, aliyedai kumwona binamu gizani? Nilifikiria kumficha hatari hiyo ili atie sahihi upesi. Nilifikiria pia kunyamaza, maana miaka mitatu angalau ina mwisho unaojulikana.

Baada ya usiku wa tatu nilienda gerezani, macho yakiwasha. Binamu alikuwa amekonda.

"Niaje, wakili? Umekuja kunitoa ama kunihubiria?"

Nilimweleza habari ya neno.

"Yaani nimefungwa juu ya kuvaa nguo?" Akacheka hadi askari akageuka.

"Wanaweza kukuongezea miaka," nikasema. "Sitakudanganya."

"Ungekuwa wewe?"

Nilikuwa na majibu manne, kila moja na lakini yake. Nikachoka nayo yote.

"Ningekata rufaa."

Nikaandika pale pale, nikiwa nimeegemeza karatasi ukutani. Sababu ya kwanza: maneno ya mshtakiwa yalitafsiriwa kimakosa. Akatia sahihi. Nikaipeleka kwa afisa wa gereza, ambaye huwasilisha rufaa za wafungwa mahakamani, nikasimama mbele ya meza yake hadi alipoigonga muhuri.