Mkeka wa Mlangoni

Saa kumi na mbili kasoro jioni. Mazoezi yamekwisha uwanjani Masese, Jinja, na kocha Tonny anawasha pikipiki. Msichana wa miaka kumi na miwili ameshapanda nyuma yake. Proscovia Nabalayo anashika usukani kumzuia asiondoke.

“Kocha, huyu anashuka.”

“Mama, kwao ni hapo tu.”

“Kama ni hapo tu, nitatembea naye.”

Tonny anacheka, msichana anashuka. Asikudanganye mtu, mama huyu habembelezeki.

Proscovia, mwenye miaka 46, ni mlezi wa timu ya wasichana. Asubuhi anauza mukene, dagaa wa ziwani. Jioni anahakikisha hakuna mtoto anayebaki peke yake na mtu mzima. Klabu humpa shilingi elfu tano kwa mechi, na nauli hutoka humo humo. Timu ikisafiri, watoto hulala darasani, naye hutandika mkeka wake mlangoni. Anayetaka kuingia sharti amruke.

Miaka miwili iliyopita, kwenye mashindano ya Mbale, mkeka haukuwepo. Alikuwa amekwenda matangani Wanale, akamwachia kocha wa wakati ule watoto. Alirudi asubuhi ya fainali. Golikipa wake wa miaka 14, ambaye tutamwita Metrine, alimvuta pembeni akamwambia kwamba kocha aliingia usiku, akamshika.

“Nikamwambia, cheza kwanza mwanangu, tutaongea baada ya mechi,” anasema Proscovia. “Kombe lilinipofusha.”

Metrine alicheza, wakashinda. Wenzake wakiimba, alichukua begi lake akapanda gari hadi kwa nyanya yake, Busiu. Hajagusa mpira tena. Siku hiyo hiyo Proscovia alikwenda polisi. Kocha alifukuzwa na kesi ingali mahakamani. Lakini mtoto hakutaka kumwona Proscovia.

“Nimemkosa sana. Nikisikia sauti golini, nageuka. Polisi walimsikiliza, hakimu atamsikiliza. Mimi aliyenijia kwanza ndimi ambaye sikumsikiliza.”

Mara tatu amefika Busiu, mara tatu amerudishwa mlangoni. Wiki iliyopita nyanya alipiga simu: Metrine amekubali, aje Jumamosi.

Jumamosi hiyo timu ina fainali nyingine, hapa Jinja. Racheal, mama wa mchezaji mmoja, atashika zamu ya ulezi.

Proscovia anaulizwa kama hataumia kuikosa.

“Itachezwa tu,” anasema. “Mimi nakwenda kukaa chini, nimsikilize mpaka amalize.”