Pumba Zilizolowa

Mume wangu alipopunguzwa kiwandani mkaa ulitushinda, tukahamia jiko la pumba za mbao. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba pembeni, unachomoa chupa, unawasha kwa chini. Likikubali, linaivisha hata maharage. Likikataa, ni moshi tu.

Masika ile tulikuwa chumba kimoja Tandika pamoja na mama mkwe, tunapikia ndani kwa sababu ya mvua. Mwanangu alikuwa na miezi minane, kifua kinambana, hajala tangu asubuhi. Nilitaka uji tu. Jiko likafuka. Nikajua pumba zimelowa, nikainama nizimwage niweke zile kavu za uvunguni.

“Wee, usizimwage!” mama mkwe akanikemea. “Hukushindilia. Sie tunanyunyizia maji zishikane.”

“Mama, hizi zimelowa tayari.”

“Umesoma mpaka fomu foo, jiko linakushinda! Lete maji hapa.”

Nikampa. Hapo ndipo nisipojisamehe. Nilijua, nikampa, eti mkwe hajibiwi mara mbili. Akanyunyiza, akashindilia, akawasha. Moshi ukajaa mpaka sikumwona mtoto kitandani. Nilimsikia akikorota, kisha sikumsikia tena. Nikapapasa, nikamnyakua, nikatoka naye mvuani. Midomo ilikuwa ya kijivu.

Hospitali walisema amepona. Sasa ana miaka sita, na akikimbia kidogo tu na wenzake anachuchumaa kutafuta pumzi. Mama mkwe huwaambia wageni kwamba ni pumu, kaitoa kwa wazazi wangu.