Kiti Ambacho Sikukisogeza

Gari letu lina matundu mawili ya kisigino. La kwanza liko upande wa dereva, pale baba yangu alipoegemeza mguu kwa miaka kumi na mmoja. La pili liko upande wa kulia, anapokaa abiria, na hilo si letu. Tulilikuta. Gari lilitoka Japani na usukani wa kulia, na kabla halijakubalika kwenye barabara za huku kwetu, fundi fulani aliung'oa usukani akauhamishia kushoto. Pedali nazo zikahama. Kwenye dashibodi pakabaki tundu kubwa wakaliziba kwa plastiki nyeusi. Zulia la chini hawakulibadilisha. Kuna mtu huko mbali alikuwa amelikanyaga siku hadi siku mpaka likatoboka.

Baba alisema mtu huyo hajashuka bado. Alimwita mzee. Mama akitaka kupanda, baba alimwambia, "Msalimie mzee kabla hujamkalia," na akishakaa anaambiwa amepakatwa na mwanamume mwingine mbele ya mumewe. Mama alimpiga begani kwa mkoba. Utani ulikuwa uleule kila safari, na kila safari walicheka kana kwamba wameutunga asubuhi hiyo. Tukifika kwenye mteremko, mama alilikanyaga lile tundu kwa nguvu zake zote akitafuta breki.

"Hiyo breki ilihama," baba alimwambia. "Niachie mimi."

Mimi, mtoto wa kiti cha nyuma, sikucheka. Nilikuwa nakitazama kisogo cha kile kiti cha kulia, na mama akiwa hayupo garini nilijibana upande wa baba.

Gari lenyewe ni dogo. Watu wanne wakikaa humo, wa tano anapewa pole. Baba alilitumia kubebea vitunguu na viungo kutoka Nyabugogo kwenda kwenye maduka madogo ya Rwezamenyo na Nyamirambo, hapa Kigali. Lilipopita kilomita laki tatu na kitu, mita yake ikaganda. Fundi alitaka kuirekebisha, baba akamwambia aiache: imechoka kuhesabu, haijachoka kutembea. Alilitunza kwa namna yake. Alfajiri, akishatawadha, maji yaliyobaki kwenye birika aliyatia kwenye rejeta. Kisha aliinamisha sikio kwenye boneti, injini ikinguruma, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Mimi shule niliacha mwaka wa tatu wa sekondari, lakini kusikiliza vile nilijifunza. Alinifundisha na kuendesha, na siku nilipopata leseni alinizungusha mtaa mzima akipiga honi, nikajificha uso kwa aibu na furaha.

Baba alifariki kwa homa ya siku nne. Gari lilibaki uani pale alipoliegesha, pua ikitazama mlango wa jikoni.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Wanawake wa mtaa walikuja wakaondoka, mpaka tukabaki wawili. Halafu akaja baba mdogo, mdogo wake baba, mtu mwema asiyependa kuona kitu kinaoza. Alilizunguka gari, akaligonga tairi kwa kiatu. Akasema gari hili lilikuwa linatembea kwa mapenzi ya mwenyewe tu, na mwenyewe hayupo. Kuna watu wa gereji za Gatsata wangelichukua wakalifungua vipande vipande wakauza vipuri. Afadhali sasa kuliko kulitazama likishika kutu.

Mama aliongea naye akiwa nyuma ya pazia. Alisema siku atakayotoka eda anataka kwenda kuona mumewe alipolazwa, na anataka kwenda na gari la mumewe. Hakutaka kingine.

Baba mdogo akatoa neno lake. "Shemeji, siku hiyo likiwaka, likakufikisha, likakurudisha, sitalitaja tena maisha yangu yote. Lisipowaka, nitawaita wale watu."

Tukakubaliana hivyo. Mama alikuwa ndani kwa sheria, kwa hiyo kazi ya kulifikisha gari hai mpaka siku hiyo ilikuwa yangu.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango wa dereva kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Harufu yake ilikuwamo yote: iliki, jasho, ngozi ya kofia. Kiti alikuwa amekisukuma nyuma kabisa kwa sababu ya miguu yake mirefu. Mimi ni mfupi. Nilishika kile chuma cha chini cha kusogezea kiti, nikakiachia. Nikaenda ndani nikachukua mto wa kochi, nikauweka nyuma ya mgongo wangu, pedali nikazifikia kwa ncha za vidole.

Nikazungusha ufunguo. Redio ikalipuka. Aliiacha kwa sauti yake ileile, ya kusikiliza habari za mpira huku akifunga kamba za magunia. Mtangazaji akajaza ua mzima, injini ikakohoa, ikashika, na kutoka jikoni nikamsikia mama akisema, kama alivyosema kila asubuhi ya maisha yangu:

"Chai iko tayari, baba."

Kijiko kikaanguka.

Nilizima kila kitu nikakaa humo sijui kwa muda gani. Nilipoingia nilikuta vikombe vitatu mezani. Nilitaka kumwomba msamaha. Yeye hakuniangalia, alikuwa anamimina. Akasema, "Kesho usiipunguze redio."

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila asubuhi nililiwasha dakika tano, sita, redio juu, mama akisimama jikoni na birika mkononi. Sikulitoa nje ya geti. Kulitoa niliona kama kumtoa baba mara ya pili. Nililipangusa vumbi, niliyatia maji ya udhu kwenye rejeta, nikaamini nalitunza vizuri kuliko mafundi wote wa Kigali. Mimi ni mtu wa ndoto. Nikiwa nimekaa pale injini ikiunguruma nilikuwa naujenga mgahawa wangu wa Gisimenti, rangi ya kijani chini, nyeupe juu, sambusa zangu kwenye kabati la kioo, na baba anashusha vitunguu mlangoni. Siku nyingine nilisahau kabisa kwamba sehemu hiyo ya mwisho haiwezekani. Upande wa kulia kiti kilikuwa kinalia polepole, springi za zamani tu, lakini nilijikuta nasema, "Shikamoo, mzee."

Mwezi wa tatu wa eda ulipoisha, nilizungusha ufunguo pakasikika tik. Redio ilisema nusu ya neno ikafa. Nikajaribu tena, ikawa tik, halafu hata tik haikuja. Jikoni mama alisubiri. Nilimwona kupitia dirisha, birika juu, hamimini. Siku hiyo vikombe vilikuwa viwili.

Nikapanda pikipiki mpaka Gatsata, nikarudi na fundi Mkongomani aliyekuwa akimfahamu baba. Mtu mnene mwenye vidole vyembamba, kama vya mshona nguo. Alifungua boneti, akachomoa plagi moja, akainyanyua. Nyeusi kama mkaa.

"Dada, hii gari munaiwasha kila siku?"

Nikasema ndiyo, tena kwa majivuno.

"Dakika ngapi?"

"Tano. Siku nyingine sita."

"Na redio?"

Nikamweleza habari ya redio. Alikuwa ameanza kucheka, akaacha. Akaipangusa ile plagi kwa shati lake mwenyewe.

"Gari munaiamusha, munaisalimia, munailalisha tena," akasema. "Kila asubui inatoa kwa betri, hairudishe kitu. Mutu hawezi ishi vile. Haiko na ugonjwa, dada. Ni kukaa ndiyo kunaiua."

Alisema kwa sauti, na dirisha la mama lilikuwa wazi.

Betri akaenda nayo kuichaji, akairudisha, plagi akazisafisha. Alipofungua rejeta yalitokea kwenye beseni maji kama chai ya rangi, na akauliza kwa ukali ni nani aliyekuwa anatia maji ya bomba humu mpaka chuma kikashika kutu, wakati kuna dawa yake maalumu. Nikamwambia ni maji ya udhu ya marehemu, na siku hizi yangu. Akalishika beseni kwa mikono miwili, hakujua ayamwage wapi. Sauti ya mama ikatoka dirishani ikamwambia amwage kwenye shina la mpapai. Akamwaga polepole, ameinama.

Kabla hajaondoka aliniambia nilitoe kila siku, nilipandishe mlima, lipate moto wa kweli, saa nzima. Vinginevyo asiitwe tena.

Niliingia chumbani kwa mama nikakaa chini. Nilijua amesikia yote, lakini nilikuwa naogopa asubuhi ambayo angesikia gari likiondoka getini na yeye amefungiwa ndani na ule mlio unaofifia. Nikamwambia kama hataki, basi, tutamwachia Mungu.

Mama alikuwa anakunja nguo. Alikunja kanzu moja ya baba mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

"Miaka yote hiyo sikuwahi kusikiliza linavyoondoka," akasema. "Nilikuwa nasikiliza linavyorudi. Nenda."

Nikaanza kupeleka sambusa Gisimenti. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, kiti kikiwa kilekile, mto mgongoni, vidole vikinyooka kutafuta klachi. Sitasema uongo, safari za mwanzo nilisikia mambo. Kwenye mlima wa kwanza kulikuwa na mtu anasafisha koo karibu na sikio langu. Ni injini ikibadilisha mlio, najua, fundi alinieleza. Lakini injini inajuaje kusafisha koo mara mbili, ya pili fupi, kama mtu aliyetaka kukuambia kitu akaghairi? Nilikuwa napandisha gia na machozi yananitoka na huku nawasalimia kwa mkono wauza parachichi wanaonifahamu. Nikirudi nyumbani nilikuta mlango wa jikoni umeachwa wazi, na chai imeshamiminwa.

Siku ikafika. Usiku kucha ilikuwa imenyesha na ua ulikuwa tope. Mama alioga, akavaa buibui jipya, akajifukiza udi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Baba mdogo alikuja mapema, akasimama getini, mikono nyuma.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikajikongoja, ikanyamaza. Baba mdogo alitazama viatu vyake. Sikumtazama mama. Niliegemea mto, nikahesabu pumzi tatu kama baba alivyonifundisha kwa asubuhi za unyevu, nikazungusha tena. Likakohoa, likashika, na redio ikajaza ua.

Mama alikuja upande wa kulia, akafungua mlango, akasimama. Alikuwa anasubiri kuambiwa amsalimie mzee. Basi yeye mwenyewe akainama kuelekea kile kiti kitupu, akasema hodi, polepole, kama mgeni, akakaa.

Kwenye mteremko alilikanyaga tundu. Palepale penye jibu la baba pakapita kimya, na sote wawili tukasikia jinsi kilivyokuwa kirefu.

Hatukuingia makaburini; kwetu wanawake huombea nje. Tuliegesha kando ya barabara, ukutani, nikazima gari. Ndipo nikakumbuka kwamba nimezima na bado kuna kurudi. Mama alinyanyua mikono akaomba dua, mdomo ukienda bila sauti, muda mrefu, mpaka kioo kikajaa ukungu. Alipojipangusa uso, macho yake yakatua kwenye miguu yangu iliyonyooka, vidole vikigusa pedali kwa shida.

"Kwa nini husogezi kiti?"

Nikamwambia ni cha baba. Kwamba yeye ndiye aliyekiweka hapo kwa mkono wake, na nikikisogeza, hapatakuwa tena na mahali alipokuwa amekaa.

Mama akautazama ule mto nyuma yangu, na nafasi iliyokuwa baina ya mgongo wangu na kiti. Akatazama sana. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Kumbe," akasema. "Sasa na wewe umepakatwa."

Akanipiga begani kwa mkoba. Tukacheka mpaka tukalia, au kinyume chake.

Nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Kwenye mteremko wa kurudi barabara ilikuwa inang'aa maji, na mama akalikanyaga tundu la mzee kwa nguvu zote.

"Hiyo breki ilihama," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nilikuwa naigusa breki kwa ncha za vidole tu. Ilishika mapema, laini, kama chini ya mguu wa mtu mzito kuliko mimi. Tulipofika kwetu sikuhitaji kupiga honi. Baba mdogo alikuwa ameshafungua geti lote, mbawa zote mbili, akasogea ukutani kabisa kutupisha, na gari lilipopita mbele yake akavua kofia.