Siku Baba Alipopanda Roketi Mjini Wote

Baba yangu aliendesha malori kwenye barabara ya Mombasa tangu kabla sijazaliwa, hadi macho yake yalipokataa. Daktari alisema ni presha ya macho. Kwanza alikosa kuona vitu vya pembeni, kisha ukungu ukazidi kumfunga, mwisho akabaki gizani. Alilipokea jambo hilo kwa utulivu zaidi kuliko tulivyotarajia. Tatizo moja tu lilitushinda: alikataa kupanda gari. Alisema gari linaloendeshwa na mtu mwingine linamtia kichefuchefu, na kwamba kila alichohitaji kiko pale nyumbani karibu na soko la Kabati. Mama alipofariki nilimsihi aje akae nami Kitui mjini, ambako nina duka la kushona mapazia. Hakuja hata kwa wiki moja.

Desemba iliyopita dada yangu, aliyeolewa katika mji wa Wote, alikuwa anampeleka kanisani mtoto wake wa mwisho kuombewa. Alimpigia baba simu akamwambia kwamba mtoto amepewa jina lake. Hapo baba akakubali kwenda. Nilikodi gari na dereva wake nikamfuata, na njia nzima baba alikaa kiti cha mbele ameshika mlango kwa nguvu. Tulisimama zaidi ya mara moja ili atapike kando ya barabara. Tulipofika kwa dada, nilimsaidia kunawa uso nikajiambia kwamba sitamsumbua tena na safari.

Ibada ya mchana huo ilikwenda vizuri. Kesho yake dada akataka kuwapeleka watoto wake kwenye uwanja wa burudani uliokuwa umefunguliwa nje kidogo ya mji. Baba hakutaka kubaki peke yake, na kwa kuwa palikuwa karibu, tulitembea naye polepole. Kulikuwa na bembea za kuzunguka, treni ndogo ya watoto, na chumba cheupe chenye umbo la roketi kilichosimama juu ya vyuma vinene. Ubavuni kilikuwa kimeandikwa Safari ya Mwezini. Tulimketisha baba kivulini na soda yake, dada akaenda na watoto kwenye bembea, mimi nikabaki naye.

Roketi ile ilikuwa inanguruma na kupumua upepo kila ilipoinuka. Baba aliisikiliza kwa muda, halafu akaniuliza ni mashine gani. Nilimweleza kwamba watu wanaingia, wanafungwa mikanda, mbele yao kuna skrini kubwa yenye nyota, na chumba kinainama na kutikisika mpaka wanahisi kweli wanaruka.

"Na hakiendi popote?" akauliza.

Nikamwambia hakiendi popote. Alimaliza soda, akaweka chupa chini ya kiti, akasema anataka kuingia.

Nilimkumbusha hali aliyokuwa nayo garini.

"Ile barabara ya jana naijua," akasema. "Kila kona nilikuwa naingojea, na dereva wako anaichukua vingine. Mwezini sijawahi kwenda. Hakuna kona ya kungojea."

Miaka yote nilikuwa nimedhani kwamba ni giza linalomtapisha. Sikuwahi kumuuliza.

Msichana aliyekuwa akisimamia roketi alituangalia kwa wasiwasi. Aliniuliza mimi, si baba, kama mzee anaona, kama ana shida ya moyo, na kama nimeelewa kwamba sehemu kubwa ya raha ni ile picha. Baba akamjibu kwa upole kwamba moyo uko sawa, na picha atawaachia wengine. Msichana akacheka, akamshika mkono mwenyewe, akampandisha ngazi.

Taa zilizimwa. Chumba kikainuka pua juu, viti vikaanza kutetemeka, na kwenye skrini nikaona dunia ikishuka nyuma yetu, buluu na ndogo. Nilianza kumweleza baba. Akanigusa goti akaniambia, "Nyamaza, mwiitu. Niache nisikie." Mwiitu ndivyo anavyoniita tangu utotoni, yaani binti. Nikanyamaza. Mawe makubwa yalianza kutujia, chumba kikawa kinajitupa kulia na kushoto, na mimi ndiye niliyefumba macho na kusali kimoyomoyo ifike mwisho. Tulipotoka nilikaa kwenye ngazi. Baba alisimama wima, akauliza kama anaweza kurudi tena.

Mara ya pili sikuwa na uwezo wa kwenda naye. Msichana alimfunga mkanda kwenye kiti cha mbele, mlango ukafungwa, nami nikasimama kando ya meza yake. Pale mezani palikuwa na televisheni ndogo ya kuwaangalia abiria. Nilimwona baba hapo, uso wa kijivu katika picha ile ya gizani, mikono yake miwili imeinuka mbele ya kifua kana kwamba imeshika usukani. Chumba kilipoinama kushoto, mikono ilizunguka kushoto. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga sakafu. Kisha nikaona midomo inacheza, anazungumza na mtu wa upande wa pili, ambako kiti kilikuwa kitupu, na anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu mazishi ya mama. Msichana naye alikuwa anamtazama. Alisema tu kwamba mzee huyu anafurahia kuliko vijana.

Alipotoka nilimuuliza alikuwa anaongea na nani.

"Na mama yako," akasema. "Siku zote alitaka nimpeleke Mombasa, nami nikawa nasema lori si gari la mke wa mtu. Leo nimempakia."

Nilimshika mkono tukarudi kivulini.

Siku ya kurudi, dereva alipowasha injini, baba alimuuliza kama ni kweli kwamba kutoka Kibwezi hadi Kitui sasa kuna lami. Wakati wake njia ile ilikuwa ya vumbi na mawe, na lori lake halikuwahi kuikanyaga. Dereva alisema ni kweli, ila kwetu ni kuzunguka sana. Baba akaomba tuzunguke.

Tulishuka mpaka barabara ya Mombasa, tukaifuata hadi Kibwezi, tukaingia njia ile asiyoijua. Aliuachilia mlango. Safari hii alitaka nimweleze kila kitu, nami nikamweleza: mbuzi kando ya lami, wauzaji wa asali, daraja la mto Athi na maji yake ya rangi ya chai. Hakutapika. Karibu na Mutomo alisinzia, kinywa wazi. Kwa njia ile unafika Kitui mjini kabla ya Kabati, na tulipofika mlangoni kwangu akauliza kama nina muthokoi, mahindi yaliyokobolewa tunayopika na maharagwe. Nikamwambia upo, ni kuuinjika tu. Akasema basi dereva aende zake, yeye amefika.

Alikaa kwangu hadi mvua za Machi.