Uyoga wa Chumbani kwa Bibi

Karatasi iliyokuja na mfuko ilisema uyoga unataka joto, unyevu na mtu asiye na haraka. Nyumbani kwetu Gitting, kwenye baridi ya mlimani, mwezi wa saba, joto linapatikana mahali pamoja tu: chumba cha bibi yangu, mama yake baba, kilichopakana ukuta na jiko. Unyevu ungetoka kwenye chupa ya kupulizia, ile ya saluni. Mtu asiye na haraka hatukuwa naye. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, lakini kukosa kazi si sawa na kukosa haraka.

Mfuko niliuagiza Arusha ukaja kwa basi: nailoni iliyoshindiliwa mabua makavu yaliyokatwakatwa, ndani yake mbegu za mamama, uyoga ule unaoota kwa kupandana kama sahani. Niliuning'iniza kwenye boriti, juu ya upande wa miguu wa kitanda cha bibi. Aliutazama.

"Hiki nini?"

"Uyoga, Bibi."

"Naona mabua."

"Uyoga uko ndani."

"Ng'ombe wanajua kwamba mabua yako hapa?"

Kwetu uyoga haupandwi, unaokotwa. Bibi alikuwa akiuokota mlimani mvua za kwanza zikinyesha, enzi ambazo miguu yake ilipanda mlima. Siku hizi miguu inafika mlango wa jikoni na kurudi. Meno nayo yamekwisha. Nyama anaimung'unya tu, halafu anampa paka.

"Uyoga ndiyo nyama ninayoweza kuimaliza," aliniambia, na tangu siku hiyo mfuko ukawa wake. Chupa alininyang'anya. Aliupulizia mfuko asubuhi na jioni, na katikati ya hapo alimpulizia paka.

Baba mdogo, anayekaa nyumba ya pili, kila akija kumwamkia mama yake alichungulia juu ya kitanda. "Msomi wetu, masikio ya uyoga wako bado hayajaota?"

"Bado, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba. Yakiota uyaulize mambo ya ajira, labda yamesikia chochote."

Yaliota. Yalitoka kwenye matundu ya nailoni, na kweli yalifanana na masikio. Bibi alifurahi hadi akamwita mama aje kuona. Mimi sikufurahi, kwa sababu uyoga wa kwenye picha ulikuwa mweupe na wetu ulikuwa wa kijivu.

Nilikwenda kusimama kwenye uzio, mahali mtandao unapokamata, nikasoma. Nilisoma kwamba baridi hufanya mamama iwe na rangi nzito. Nilisoma pia habari ya familia moja, nchi fulani, iliyokula uyoga ikaisha yote. Haikutajwa ulikuwa na rangi gani. Nilimtumia muuzaji picha, akanijibu kwa alama ya dole gumba. Nililifikiria lile dole jioni nzima. Lingeweza kuwa na maana ya "kuleni." Lingeweza pia kuwa na maana ya "picha imefika."

Sikuogopa kufa mimi. Niliogopa kuwa mjukuu aliyemuua bibi yake kwa mboga, tena mboga ambayo bibi mwenyewe aliipulizia maji.

Wakati nasubiri maelezo zaidi, kingo za uyoga zilianza kukunjuka. Bibi aliziona kabla yangu.

"Unazeeka huo. Kata."

"Tungoje kidogo, Bibi, nimeuliza swali."

"Mimi ndiye ninayelala nao. Kata."

Nilikata. Mama aliupika kwa vitunguu na samli. Kabla hajatia chumvi nilichota kidogo, nikaweka kwenye kisosi, nikafunika kwa bakuli, nikapeleka dirishani chumbani kwa bibi, mahali paka hafiki.

"Wa nani huo?" mama aliuliza.

"Wa daktari. Likitokea lolote, ajue tulikula nini. Chumvi ingeweza kuvuruga vipimo."

"Daktari gani?"

"Yeyote atakayekuwepo."

Mama akatia chumvi.

Kwetu anayewamiminia wageni pombe hunywa wa kwanza, wao wakimwona. Bibi aliona desturi hiyo inatosha hata kwa mboga. Akakaa kitandani, ugali mapajani, akanisogezea sahani ya uyoga.

"Aliyeleta aonje."

Nilionja. Ulikuwa na ladha ya samli. Nikameza, nikaanza kujisikiliza.

"Haya, nipe," alisema bibi.

"Moyo unanienda mbio."

"Huo unakwenda mbio tangu ulipozaliwa. Tumbo?"

"Linanguruma."

"Hujala tangu asubuhi. Nipe."

Nilimwomba tusubiri hadi kesho. Nikiamka mzima, nilisema, atakula kwa raha, roho yake na yangu zikiwa zimetulia. Bibi aliutazama ugali wake uliokuwa unapoa.

"Kwa umri huu," alisema, "wewe unaniahidi kesho?"

Nikampa sahani. Alikula taratibu, kwa ufizi, akiukunja kila uyoga na tonge lake, hadi akabaki anapangusa samli kwa kidole. Paka alisubiri fungu lake kama kawaida. Hakupata kitu.

Kesho yake niliamka mzima, jambo ambalo halikunisaidia, kwa sababu mimi ni kijana. Nikaenda hadi mlango wa bibi.

"Shikamoo, Bibi."

Kimya. Bibi yangu hajawahi kuiacha shikamoo ya mtu ipite hivi hivi.

"Bibi. Shikamoo."

Nilisukuma mlango. Alikuwa amesimama dirishani, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, shavu limevimba. Alinyoosha kidole, yaani ningoje. Akatafuna kwa ufizi, akatafuna, akameza.

"Marahaba."

Kisosi kilikuwa kitupu, bakuli limewekwa kando.

"Ule wa daktari," alisema, akiichukua chupa ya kupulizia, "haukuwa na chumvi."